Little Bay, Anguilla: bichi ya kwenda kwa boti, ila usiifuate kwa ajili ya mchanga

Nianze na hukumu kabisa maana najua wengine mkishasoma mistari miwili mnaondoka zenu: Little Bay ni pazuri, boti haina bei ya kutisha, ukipata nafasi nenda. Ila kama unachotaka ni mchanga mrefu wa kutembea jioni mmeshikana mikono, au kiti cha kujilaza na mtu wa kukuletea kinywaji baridi kila ukipunga mkono, utaboreka, utakaa kwenye kipande cha mchanga unaangalia saa mpaka boti irudi. Hapa mchanga ni wa kuwekea begi tu, utamu wote uko majini. Niliona watu wamelipa boti, wakashuka, wakapiga selfi za kutosha, wakakaa kwenye taulo saa nzima bila kulowa hata kisigino halafu nikawasikia wanasema mbona padogo hivi. Padogo ndio, mlitegemea nini, ni hori limebanwa na majabali pande zote, lingekuwa kubwa watu wangeshajenga hoteli zamani.

Kwa wasiokijua, Anguilla ni kisiwa kidogo cha Karibiani, kiko kaskazini ya Saint Martin, urefu wake kama kilomita 26 na upana hata kilomita 6 haifiki, bado kiko chini ya Uingereza na mji mkuu wake unaitwa The Valley. Ndo hao hao wenye anwani za intaneti zinazoishia na .ai, mwaka 2023 peke yake serikali yao ilivuna kama dola milioni 32 za Kimarekani kwa hayo majina, yaani kila kampuni ya akili bandia (AI kwa Kiingereza) ikifungua tovuti yenye mwisho huo kuna kitu kinaingia kwenye hazina ya kisiwa cha watu wachache kuliko kata moja ya mjini kwetu. Bahati zingine bwana.

Kufika Anguilla kwenyewe kuna njia mbili ambazo wengi wanatumia. Ya kwanza unaruka mpaka uwanja wa Princess Juliana upande wa Waholanzi wa kisiwa cha Saint Martin, halafu ama unapanda boti za karibu na uwanja ama unaenda Marigot upande wa Wafaransa unachukua feri mpaka Blowing Point, ni dakika kama 25 hivi na ukikaa nje utaloana kidogo. Ya pili ni ndege ya moja kwa moja kutoka Miami, hiyo ilianza mwishoni mwa 2021 na imewarahisishia sana wanaotokea Marekani. Sisi wenye pasipoti zetu za huku Afrika Mashariki tufuatilie viza kabla hata ya kuangalia tiketi, na kumbuka ukipitia Saint Martin unakanyaga ardhi ya wakubwa wengine tofauti na Waingereza, kwa hiyo uliza viza ya pande zote unazopita, usije ukakwama uwanjani unaitazama Anguilla kwa mbali.

Little Bay iko pwani ya kaskazini magharibi, jirani kabisa na Crocus Bay. Crocus Bay yenyewe ni karibu sana na The Valley, unateremka kilima kikali hivi mara bahari hiyo hapo mbele. Teksi hazina mita ila bei zimepangwa kwa maeneo, muulize dereva kabla hujapanda na atakutajia bila longolongo. Ukikodi gari ujue wanaendesha kushoto kama sisi ila magari mengi yameletwa kutoka Marekani usukani uko kushoto pia, kupita gari lingine inakuwa kama kubahatisha maana wewe dereva huoni kinachokuja, aliyekaa pembeni yako ndo anaona. Na leseni ya muda ya kisiwani lazima ukate, wanakukatia hapo hapo unapochukua gari.

Sasa boti. Hii ndo huduma yenyewe ninayoipitia hapa kwa hiyo nivumilieni nikichambua.

Pale Crocus Bay ukifika mchangani utaona boti ndogo za wazi zenye mashine nyuma, hamna ofisi kubwa, hamna foleni, hamna risiti ndefu. Unamuona mtu, unamsalimia, mnaelewana. Na nikisema unamsalimia namaanisha unamsalimia kweli. Watu wa visiwa hivi kwenye salamu ni kama sisi, ukimvaa mtu na "boti shilingi ngapi" bila habari za asubuhi anakuangalia hivi halafu anaendelea kufunga kamba yake. Kuna jamaa mmoja mgeni alikuja akaanza moja kwa moja na bei, nahodha akamjibu "good morning" kwa sauti ya taratibu kabisa, jamaa akarudia bei, nahodha naye akarudia "good morning", mi nikacheka pembeni maana nilijiona niko nyumbani. Baada ya salamu mambo yote yakawa mepesi.

Sisi tulilipa dola 20 za Kimarekani kwa kichwa, kwenda na kurudi. Hela yao rasmi ni dola ya Karibiani Mashariki, imefungwa kwenye 2.70 kwa dola moja ya Kimarekani tangu 1976, lakini dola ya Kimarekani inapokelewa kila kona, chenji ndo wakati mwingine unarudishiwa ya kwao. Beba noti ndogo. Mtu wa boti ufukweni saa tatu asubuhi umpe noti ya mia unamtesa bure.

Safari yenyewe ni dakika tano, haizidi. Ukishaipita kona ya majabali tu umefika. Wengine watakwambia dola 20 kwa dakika tano ni wizi, mi naona hujalipia dakika, umelipia mtu mwenye akili zake kukupeleka sehemu isiyo na barabara na, hii ndo muhimu zaidi, kurudi kukuchukua. Maana anakushusha anaondoka. Haegeshi akakusubiri. Swali lake la mwisho kabla hajageuza boti ni nije saa ngapi, na jibu utakalotoa hapo ndo litaamua siku yako itakuwaje kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo usijibu tu ilimradi umejibu.

Ushauri wangu: mwambie akupeleke mapema, saa tatu au saa tatu na nusu asubuhi, na akufuate kwenye saa sita. Sababu ni mbili. Ya kwanza jua. Hori linaangalia magharibi na nyuma yake kuna ukuta wa jabali, kwa hiyo asubuhi jua bado liko nyuma ya jabali na sehemu ya mchanga inakuwa na kivuli cha bure. Ikishapita saa sita kivuli kinaisha chote, jua linakuja kwa mbele, na hapo hamna mwavuli hamna mti wa maana, unaiva. Ya pili ni kelele, nitaieleza chini.

Halafu yule mzee aliyetupeleka alikuja kwa wakati. Nasema hivi kwa sababu ndo hofu ya kila mtu, kwamba je akisahau? Hakusahau, alikuja dakika kadhaa kabla akazima mashine akasubiri huko kwenye maji bila kutupigia kelele, akatuambia malizeni taratibu. Ukitaka kuongeza muda mpange kabla hajaondoka, usitegemee kumpigia simu ukiwa chini ya majabali.

Kitu kingine kilichonifanya niwape alama za juu: wanajua kusema hapana. Siku tuliyopanga kwenda mara ya kwanza bahari kwa macho yetu ilikuwa imetulia kabisa, jua linawaka, upepo hamna, tukaambiwa leo hatuendi. Mwenzangu akaanza kununa. Nahodha akatuonyesha kwa kidole mawimbi marefu yanayokuja polepole kutoka kaskazini, kwa mbali huyaoni ila yakifika kwenye mawe yanapasuka. Wenyewe wanayaita ground sea, yanatoka kwenye dhoruba za huko mbali Atlantiki ya kaskazini miezi ya baridi, kuanzia Desemba mpaka kama Aprili, na pwani hii ya kaskazini ndo inayoyapokea. Hori halina gati, boti inasogea mpaka kwenye mchanga na unaruka majini, mawimbi kama hayo yakiwepo boti inaweza kurushwa kwenye mawe na nyie mkiwemo. Angeweza kabisa kuchukua dola zetu arobaini akatupeleka tukalowa na kuumia. Hakuchukua. Kesho yake ya pili bahari ikakubali tukaenda. Kwa hiyo kama unakaa kisiwani siku chache usiiweke Little Bay siku ya mwisho, iweke mwanzo ili ukiambiwa hapana uwe na siku nyingine mkononi.

Kushuka ni hivi, boti inageuzwa, ngazi ndogo inashushwa, unateremka maji yanakufika mapajani au kiunoni inategemea na wimbi na urefu wako. Simu na hela weka kwenye mfuko usiopitisha maji. Usivae jinsi. Nilimuona mama mmoja kashuka na gauni refu na mkoba wa ngozi kichwani, alifika salama na mkoba haukulowa, heshima yake, ila sishauri.

Kuhusu maji sasa. Sijui niseme nini ambacho picha hazijasema, ila ngoja nieleze kwa nini yako vile maana hilo picha haisemi. Anguilla ni kisiwa cha chokaa, kiko chini chini, kilele chake hapo Crocus Hill hakifiki hata mita mia, na hakina mto hata mmoja. Hakina mto maana yake hamna tope linaloshuka baharini mvua ikinyesha, mvua yenyewe inazama kwenye mawe. Upepo wa kawaida wa huko unavuma kutoka mashariki, Little Bay iko upande mwingine, majabali yanaukinga. Hata yale magugu ya baharini ya kahawia, sargassum, yanayoelea kutoka Atlantiki na kuzifunika bichi nyingi za Karibiani kwa miaka hii ya karibuni mpaka zinanuka mayai viza, yanapiga zaidi bichi za upande wa mashariki na kusini, huku yanafika machache. Kwa hiyo unapata maji yametulia, hayana tope, chini ni mchanga mweupe, jua likipiga unaona rangi mpaka unadhani mtu kamwaga dawa.

Na kitu ambacho sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tutakishangaa: maji hayatoki. Kwetu maji yakipwa unatembea kutafuta bahari ilipo, huko tofauti ya kupwa na kujaa haifiki hata nusu mita, bichi ya asubuhi ndo hiyo hiyo ya jioni. Huhitaji kuangalia jedwali la maji wala kuuliza wavuvi, unaingia muda wowote.

Kuogelea fuata ukuta wa jabali, usiende katikati. Katikati ni mchanga na majani ya bahari, hapo ndo kasa wanakula, utawaona wakipanda kuvuta pumzi kichwa kinatokeza kidogo halafu wanazama tena. Kaa mbali, usimfukuze kwa ajili ya video, ukitulia anakupita mwenyewe karibu tu. Kwenye kuta ndo kuna matumbawe na samaki, makundi ya samaki wadogo wa bluu, wale wa mistari myeusi na njano, pono wakubwa wanaong'ata matumbawe mpaka unasikia kru kru ukiwa chini ya maji. Huo mchanga mweupe unaoukanyaga sehemu yake nzuri tu ni mavi ya pono, anatafuna tumbawe, anatoa mchanga, ndo ujue. Nilimwambia mwenzangu akiwa ameshajipaka mchanga mikononi kama skrabu.

Ukweli mwingine ambao wauza safari hawausemi, kama umeshazamia Mafia au Pemba au Watamu usitegemee kupagawa na matumbawe ya Little Bay. Karibiani yote ina aina kama 65 hivi za matumbawe magumu wakati Bahari ya Hindi na Pasifiki zina mamia, na hayo yao yenyewe yamepigwa na vimbunga, magonjwa na joto la bahari, 2023 maji ya Karibiani yalipata joto la ajabu na matumbawe mengi yakawa meupe. Utaona sehemu zimepona na sehemu zimekufa zimevaa ukungu wa mwani. Kinachobeba hapa ni uangavu wa maji, kasa, na ule utulivu wa kuogelea chini ya jabali. Kuna kichekesho kimoja lakini, kuna samaki mmoja wa mistari myekundu na myeupe mwenye mapezi marefu yametanuka na miba ya sumu, lionfish, huyo ni wa bahari yetu. Kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, alifika Atlantiki kwa mikono ya watu, inasemwa ni wafugaji wa samaki wa mapambo kule Florida, na sasa amezagaa Karibiani nzima anakula vifaranga vya samaki wengine na hana adui wa maana. Huko wanahimizwa wamchome mkuki na kumla, nyama yake tamu tu ukishaondoa miba. Ukimuona usimguse, mwambie nahodha alipo.

Eneo lote ni hifadhi ya bahari kwa hiyo kuna masharti, boti zinafungwa kwenye maboya badala ya kudondosha nanga maana nanga inalima matumbawe na majani ya kasa, na wewe usiokote kombe wala kusimama juu ya matumbawe. Mafuta ya jua jipake nusu saa kabla hujaingia majini, au vaa tu fulana ya mikono mirefu, ni bora zaidi na mgongo hautaungua ukielea kifudifudi saa nzima.

Halafu ndege mwari. Jamani mwari! Sisi tumezoea mwari wa ziwani anaogelea kistaarabu anachota samaki kwa mfuko wake, wa huko wa kahawia anapaa juu, anakunja mabawa, anajitupa majini kichwa mbele, paaa, na karibu mwari wa aina zingine zote hawafanyi hivyo. Wanakaa kwenye majabali ya hori, na asubuhi samaki wadogo wakisogea ufukweni wanaanza mashambulizi mita chache kutoka ulipo. Mimi kwa hili tu ningelipa tena. Tulikaa tumezama mpaka shingoni tunaangalia wanavyodondoka mmoja baada ya mwingine, kuna ambaye alikuwa anakosa kila mara mpaka tukaanza kumshangilia.

Kuna jabali pembeni ambalo vijana wa hapo wanapanda na kurukia majini. Angalia kwanza wao wanaruka wapi na kina kikoje, na kama bahari ina mawimbi achana nalo. Mawe ya chokaa yanakata kama wembe, viatu vya majini ni lazima kama unataka kupanda.

Wabahili (najua mpo) mtaniuliza kuhusu kamba. Ndio, kuna njia ya juu, unaacha gari kule juu ya jabali unateremka kwa kamba iliyofungwa, na haina gharama. Niliiangalia kutoka chini. Wenyeji wanashuka nayo kama wanashuka ngazi za nyumbani kwao lakini mawe yanateleza, hujui kamba imekaa juani muda gani, na kupanda kurudi mikono imelowa na mwili umechoka ni kazi nyingine kabisa, ukidondoka pale hamna gari la wagonjwa litakalofika, mpaka boti. Dola 20 lipa tu. Kayaki ni sawa, unaweza kukodi Crocus Bay ukapiga kasia mwenyewe, siyo mbali, unafika kwa muda wako na unaondoka kwa muda wako, kwa mtu mwenye mikono yenye nguvu na bahari iliyotulia pengine ni bora kuliko boti hata. Kwa familia yenye watoto boti, na hakikisha laifujaketi za watoto zipo na zinawatosha kabla hamjaondoka, uliza, usione aibu.

Hori halina kitu. Hamna choo, hamna duka, hamna bomba, hamna mlinzi wa waogeleaji. Maliza shida zako Crocus Bay kabla hujapanda boti. Beba maji mengi kuliko unavyodhani, matunda, kitu cha kutafuna, na mfuko wa kurudisha taka. Miwani na mrija wa kuogelea njoo na vyako au kodi kabla, ukifika huko bila hivyo umepoteza nusu ya safari. Kivuli cha jabali nilichokisifia hapo juu nacho kina mashaka yake, usiende kulala chini kabisa ya ukuta unaoning'inia, chokaa hii inamomonyoka, na ukiona mawe mapya yenye ncha yamelala mchangani jiulize yametoka wapi. Kaa kwenye kivuli ila mbali na ukuta. Na kwa jumla kwenye bichi za visiwa hivi kuna mti unaitwa manchineel, una matunda madogo ya kijani yanafanana na tufaha, usile, usishike, usijikinge mvua chini yake, utomvu wake unababua ngozi hata ukichanganyika na maji ya mvua.

Sasa kelele. Kwenye saa sita hivi siku yetu iliingia katamarani kubwa, ile boti ya matumbo mawili, ya watalii wa kutwa kutoka kisiwa jirani, muziki juu, watu thelathini wanaruka majini na vinywaji mkononi, kasa wote wakahama. Sitaji ni ya nani na wala sina ugomvi na watu kustarehe, wamelipa na wao, lakini spika kwenye hori lililozungukwa na majabali inarudi mara tatu, ni kama mmefungiwa kwenye tenki la maji na disko. Dakika kumi baadaye boti yetu ikaja, nilishukuru. Ndo maana nasema mapema. Wikiendi na siku za sikukuu wenyeji nao wanakuja na boti zao, hao kelele zao ni za kucheka na watoto, wala haziudhi, tena tulipewa kuku wa kuchoma na familia moja tusiyoijua hata jina.

Kurudi Crocus Bay kuna sehemu ya kula pale pale ufukweni, kiti kina kivuli na choo kipo, baada ya masaa matatu ya chumvi hicho choo ni hoteli ya nyota tano. Chakula Anguilla ni ghali, karibu kila kitu kinaletwa na meli, kamba koche wa kuchoma ndo fahari yao ila bei yake iulize kwanza. Angalia bili, mara nyingi asilimia 15 ya huduma imeshawekwa ndani, usitoe tena bakshishi juu ya bakshishi kama hujakusudia.

Mkilinganisha na bichi zingine za kisiwa: Shoal Bay East ina mchanga mrefu mweupe laini, unafika kwa gari, ina vyakula, na bichi zote za Anguilla ni za umma kwa hiyo hata mbele ya hoteli ya mabilionea unatandika taulo yako na hamna wa kukufukuza. Anayetaka kukaa aende huko. Sandy Island nayo ni ya boti, unapandia Sandy Ground, ni kijisiwa cha mchanga chenye mgahawa katikati ya maji, nzuri kwa kula na kunywa siku nzima, majabali hamna. Ukiwa na siku moja tu na unajua kuogelea, mi nakupeleka Little Bay asubuhi, Shoal Bay mchana.

Mwisho miezi. Msimu wa vimbunga ni Juni mosi mpaka Novemba 30, na hawa watu Irma ya Septemba 2017 bado wanaizungumzia kama ya juzi. Septemba na Oktoba hoteli na migahawa mingi inafunga kabisa, ukienda Crocus Bay unaweza usikute nahodha hata mmoja. Mei na Juni mwanzoni ndo mi ningechagua, mawimbi ya kaskazini yameisha, watu wamepungua, bei za vyumba zimeshuka. Pigia simu sehemu unayolala, wao wanawajua wenye boti, waambie wakuulizie jioni ya kabla bahari ya kesho itakuwaje.